Barua ya Kumfukuza Zilpah Tansey

Watu wanaokuja ofisini kwangu kutafuta mababu zao wote wanataka kapteni. Huanza kuja mwezi wa sita, theluji ikishasahaulika, wengine kutoka Ohio, wengine kutoka California, na kila mmoja anabeba karatasi ya ukoo iliyojaa makapteni na wachungaji. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza habari za babu aliyekuwa akisafisha zizi la nguruwe, ingawa Colebury ya zamani ilikuwa na nguruwe wengi kuliko makapteni. Mimi ni karani wa mji huu kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Jina langu ni Merle Dunham, na vitabu vyote vya mji viko nyuma ya mlango wa chuma ambao ufunguo wake ninao mimi. Nimewafungulia wengi mlango ule, na wengi wamenichosha.

Idella Tansey hakunichosha. Alizaliwa Barabara ya Kinu, nyumba ya pili baada ya daraja, na baba yake ndiye aliyekuwa akiendesha gari la mji la kusukuma theluji. Kwa miaka thelathini na minne alipika katika jiko la shule yetu ya msingi. Ukikutana na mtu wa Colebury aliye chini ya miaka hamsini, jua amekuzwa kwa makaroni na jibini ya Idella, na aliwahi kukemewa naye kwa kumwaga maziwa. Aliolewa na fundi bomba mmoja mwema aitwaye Clifton Boyce, lakini jina hakubadili. Alisema jina la Tansey limekaa mjini hapa muda mrefu kuliko Clifton, kwa hiyo mgeni ni Clifton. Marehemu Clifton alikuwa akiisimulia mwenyewe habari hiyo kwenye kila harusi, akicheka.

Ukoo wa Tansey ni watu weusi, na tangu mtu yeyote akumbuke, kwa sehemu kubwa walikuwa weusi peke yao mjini. Basi kila mwalimu mpya aliyekuja shuleni, na kila mgeni wa kiangazi aliyemkuta sokoni, alimuuliza anatoka wapi. Idella alijibu Barabara ya Kinu. Hapana, wakasema, hasa hasa unatoka wapi. Nyumba ya pili baada ya daraja, akasema Idella. Alilijibu swali hilo kwa adabu kwa zaidi ya miaka hamsini, na mimi niliyelisikia mara nyingi nikiwa pembeni yake niliwahi kutamani awamwagie mchuzi.

Alipostaafu alianza kuja ofisini kila Jumanne. Aliketi kwenye meza ya dirishani na mkate wake wa maharage ndani ya karatasi, akafanya kazi jinsi alivyofanya jikoni, yaani hakuruka hatua. Alianza na cheti chake mwenyewe, kisha cha baba yake, kisha cha babu, na hakusogea nyuma hata kizazi kimoja kabla hajawa na karatasi mkononi. Wageni wangu wa kiangazi huruka miaka mia kwa siku moja. Yeye ilimchukua majira mawili ya baridi kufika kwa Reuben Tansey, aliyefunga ndoa Colebury mwaka 1789. Hapo njia ikakatika.

Jambo hilo lingebaki letu sisi wawili, lakini mji ulikuwa unakaribia kutimiza miaka mia mbili na hamsini, na kamati ikaamua kusimamisha jiwe mbele ya ukumbi. Jiwe hilo lingechongwa majina ya familia zilizokuwa zinaishi hapa kabla ya vita vya uhuru, yaani kabla ya mwaka 1775. Mwenyekiti alikuwa Daktari Thayer Bascom, daktari wa meno aliyestaafu. Hapo ndipo kichekesho cha mji wetu kilipo: Idella alitulisha na Thayer akatung'oa meno, kwa hiyo hakuna siri ya kinywa chochote wasiyoijua wale wawili. Bascom ni jina kubwa kwetu. Kuna kilima cha Bascom na kijito cha Bascom, na Thayer huvitaja vyote viwili kama mtu anayetaja wajomba zake.

Idella alitaka jina la Tansey liwe kwenye jiwe lile. Hakulizungumza sana, lakini nilijua alilitaka kwa moyo wote, kwa sababu aliacha kula mkate wake dirishani na akawa anasoma mpaka saa ya kufunga. Bibi yake alimwambia kwamba Watansey walikuwa hapa kabla ya kengele ya kanisa, na kengele ile iliwekwa mwaka 1774. Kilichobaki kilikuwa karatasi.

Mimi ndiye niliyempa kitabu chekundu. Ni kitabu cha historia ya mji, kiliandikwa na Mchungaji Lyman Fitts mwaka 1894, na Colebury nzima hukiapia karibu sawa na Biblia. Katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili kulikuwa na mstari huu: mwaka 1771 Zilpah Tansey, mwanamke mweusi, na watoto wake wawili, waliamriwa na mji waondoke. Basi. Mstari uliofuata ulihusu mnara wa kanisa.

Idella alisoma, akafunga kitabu polepole.

"Kwa hiyo walimfukuza," akasema.

"Ndivyo kilivyoandika," nikamjibu, na laiti ningeuma ulimi.

Thayer Bascom alipolisikia aliliweka wazi mbele ya kamati. Alisema Zilpah aliamriwa aondoke mwaka 1771, Reuben anaonekana mwaka 1789, kwa hiyo bila shaka huyo Reuben alikuja baadaye kutoka kwingine, na 1789 si kabla ya vita. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi.

"Idella, mimi sina ubaya na wewe," alimwambia. "Umenilishia wanangu watatu. Lakini jiwe hili ni la waliokaa. Wako walitolewa."

Idella alichukua koti lake akaondoka. Jumanne iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nilivumilia wiki tatu, kisha nikaenda kwake. Nilimkuta akichambua maharage ya chakula cha kanisa, beseni zima, na hakuinua macho. Nilimwomba radhi kwa ajili ya kile kitabu. Akasema si kosa langu, mtu akitafuta jambo akalipata, asimlaumu aliyemshikia taa.

"Unajua nilipokuwa darasa la pili Wendell Pike aliniambia sisi ni watu wa kuja?" akasema. "Nilimpiga mpaka jino likatoka. Nikamwambia tuko hapa kabla ya kengele." Akatupa punje mbovu. "Sasa naona nilimwonea Wendell."

Nilimjua Idella tangu utoto na sijawahi kumwona ameinamisha kichwa, hata Clifton alipokufa. Niliendesha gari kurudi nyumbani nikimtukana Mchungaji Fitts, Mungu amrehemu, kwa maneno ambayo karani wa mji hapaswi kuyajua.

Siku nne baadaye simu ililia ofisini. Hakunisalimu.

"Merle, ile amri aliipeleka nani?"

Nikamwambia ni konstebo, ndiye aliyekuwa akipeleka barua zote za mji.

"Akishaipeleka, aliirudisha wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa sauti ile ya jikoni, ya kumweleza mtu mzito wa kuelewa. Kwa miaka thelathini na minne, alisema, viazi vilipofika shuleni dereva alikuwa na karatasi. Yeye Idella alihesabu magunia, akatia sahihi nyuma ya karatasi, na karatasi ikarudi na dereva kwa aliyemtuma. Kama haikurudi, ni kama viazi havikufika. Sasa konstebo hawezi kuwa mjinga kuliko dereva wa viazi. Lazima aliandika nyuma ya ile amri kwamba amemkuta nani, wapi, na siku gani, na lazima karatasi ilirudi kwa mtu. Mchungaji Fitts alinakili mstari mmoja tu. Yeye alitaka kuliona gunia zima.

Ndugu msomaji, nimekaa na kitabu chekundu miaka ishirini na sita, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nilijua tu kwamba amri kama zile zilipelekwa mahakamani wilayani. Sikuwahi kwenda kuziangalia, kwa sababu Fitts alishaziangalia.

Tulikwenda Alhamisi, katika msimu wa matope, theluji ikiyeyuka, na gari langu lilikwama mara mbili kabla ya kufika barabara kuu. Mahakamani walituletea boksi la mwaka 1771, wakatuambia tuoshe mikono. Ilituchukua asubuhi nzima. Saa sita kasoro Idella aliitoa karatasi moja ndefu, imekunjwa mara tatu, na juu yake kulikuwa na jina la Colebury.

Haikuwa amri ya mtu mmoja. Ilikuwa orodha. Msemo unasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Colebury siku ya tatu walimpa mgeni barua, na jembe akatafute mwenyewe. Kila familia iliyohamia hapa iliandikiwa kwamba iondoke ndani ya siku kumi na nne, ili baadaye ikiwa maskini mji uweze kusema tulikuonya, hatukulishi. Wakishapewa barua, karibu wote waliikunja wakaenda kulima. Ilikuwa karatasi ya mji kujikinga, hakuna aliyekuja kuwatoa kwa nguvu. Haya yote tuliyaona pale pale, kwa sababu nusu ya majina kwenye orodha ile ni majina ya watu ninaowatoza leseni za mbwa mpaka leo.

Idella alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika wa tatu kidole kikasimama. Zilpah Tansey, mwanamke mweusi, aliyetoka Norwich, na watoto wake Dinah na Reuben.

Alisogeza kidole hadi kwenye jina la msichana.

"Alikuwa na binti," akasema hatimaye. "Dinah. Hakuna aliyewahi kututajia Dinah." Kisha akasema, "Na Reuben ndiye huyu. Baba yangu alibeba jina hili maisha yake yote na hakujua amepewa na nani."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nililia pia, sioni aibu kusema. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuchungulia, nikaendelea kusoma chini, na mstari wa saba nikauona, nikacheka kwa nguvu mpaka mlinzi akaja kutuangalia. Josiah Bascom, aliyetoka Coventry, mkewe Thankful na watoto wao sita. Siku ile ile, karatasi ile ile, konstebo yule yule.

Idella hakucheka. Alisema Thayer anaweza kusema mmoja alibaki na mwingine akaenda, kwa hiyo kazi haijaisha, tuombe boksi lingine. Tukaletewa la 1772, hamna kitu. Katika la 1773 kulikuwa na barua nyingine ya Colebury, ya mtu mmoja tu, kibarua aitwaye Peter Quash. Zamani zile ilibidi waandike mgeni amefikia kwa nani. Na waliandika: anakaa nyumbani kwa Zilpah Tansey.

Nilimtazama Idella. Miaka miwili baada ya kufukuzwa, bibi ana nyumba, na nyumbani ana mpangaji.

Kama Zilpah alikombolewa utumwani, au alitoroka, au alizaliwa huru, karatasi hazisemi, na Idella alikataa kubuni. Lakini njiani kurudi aliendesha yeye, na alikaa wima kwenye usukani hata nikaona kama amerefuka. Mimi nilikuwa tayari kupiga simu nyumba hadi nyumba habari za Bascom. Aliniona ninavyowashwa.

"Funga huo mdomo wako mpaka mkutano," akasema.

"Siku tisa, Idella?"

"Mimi nimengoja miaka sitini na sita. Wewe utapona."

Mkutano wa mji huwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Wote huja, maana usipokuja wenzako watapandisha kodi yako kwa kunyoosha mikono, na kina mama wa kanisa huuza chakula nyuma ya ukumbi. Tulipitisha barabara, tukagombana juu ya paa la shule, tukala, tukarudi. Hoja ya kumi na tisa ilikuwa orodha ya majina ya jiwe. Thayer aliisoma, familia kumi na nne, akaketi.

Idella alisimama. Mwendesha mkutano, Hazel Ottman, alimruhusu. Nilikuwa mbele naandika kumbukumbu. Nilitegemea atoe hotuba, na kusema kweli nilimwandalia maneno machache makali. Hakuyatumia. Alivaa miwani, akasema hii ni barua ya mji huu ya tarehe kumi na tisa Machi, 1771, ya watu walioamriwa waondoke, na angependa kuisoma yote kama ilivyo.

Akaisoma. Jina la kwanza, la pili. La tatu, Zilpah na wanawe, alilisoma kwa sauti ile ile, hakuipandisha wala kuishusha. La nne, la tano. Watu walianza kugeuka, kwa sababu walikuwa wanasikia mababu zao. La saba: Josiah Bascom, mkewe Thankful, na watoto sita. Mtu mmoja nyuma alitoa kicheko akakimeza. Idella hakuacha kusoma ili amtazame Thayer. Alisoma mpaka jina la mwisho, kisha mstari wa ile barua ya 1773, akakunja karatasi.

"Naomba waliopewa barua hii wote wawe kwenye jiwe," akasema, "au wote wasiwepo. Walikuwa wabishi sawasawa."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Thayer Bascom alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisimama, akatembea hadi kwa Idella, akaomba kuiona. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaisoma mara mbili huku watu mia moja na themanini wakimngoja.

"Sisi tumeambiwa Josiah alipokewa na wazee wa mji," akasema.

"Alipokewa na konstebo," Idella akamjibu. "Kama wangu."

Kwa yote niliyowahi kumsema Thayer, na nimemsema mengi, hili nitalisema pia: mtu yule aligeuka akamtazama Hazel, akasema anaunga mkono hoja ya Bi Tansey, na anaomba kuondoa maneno yake ya awali kwenye kumbukumbu. Nikamwambia kumbukumbu haziondolewi, ila naweza kuandika kwamba ameyajutia. Akasema andika hivyo. Hazel akaita kura. Mikono ilipanda ukumbi mzima, na mkono wa kwanza niliouona ulikuwa wa Wendell Pike, mzee sasa, mwenye meno ya bandia. Waliopinga hawakuwepo. Watu wakasimama wakapiga makofi, na Idella Tansey alisimama katikati yao kichwa juu, haoni haya kufurahi.

Wiki mbili baadaye kila familia ilitakiwa kujaza fomu ya mchongaji: jina, na mwaka wa kufika Colebury. Thayer alileta ya kwake imeandikwa 1769, kama kitabu cha ukoo wao kinavyodai, bila karatasi yoyote, na nikaipokea kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombana. Idella alikuja Jumanne, kama kawaida. Nafasi ya mwaka aliijaza tarehe kamili, siku na mwezi, 19 Machi 1771, ikabanana mpaka ikatoka nje ya kisanduku.

Nilimwambia kwamba Zilpah lazima alifika kabla ya hapo, labda mwaka mzima kabla, na kwamba hakuna atakayepinga tukiandika 1770. Hiyo aliyoweka, nikamwambia, ni siku waliyomwambia aondoke.

"Najua ni siku gani," akasema Idella, akafunga kalamu. "Kufika, kila mtu hufika, Merle. Wao wachonge siku ya kufika. Sisi watuchongee siku tuliyoambiwa tuondoke tukabaki."

Nikaigonga mhuri.